Bustani Isiyopinduliwa kwa Jembe

Katika nchi za Ulaya mwisho wa majira ya baridi ni wakati wa theluji kuyeyuka. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoa wa Mara, hakuna theluji, bali kuna kipupwe. Tangu Juni mpaka Agosti mvua hupungua, asubuhi huwa na baridi, hasa katika vilima vya Tarime, na upepo hukausha majani. Mtu apitaye njiani aweza kudhani kwamba mashamba yamelala usingizi. Lakini mwenye bustani ya mboga ajuaye kazi yake halali. Mvua za vuli zi karibu, na yale ayafanyayo mwezi wa Agosti ndiyo yatakayompa mboga mwezi wa Oktoba, wakati ambapo mahindi mapya yangali machanga.

Bustani ziko za namna nyingi. Hii ni habari ya bustani ya namna moja, ile isiyopinduliwa kwa jembe.

Sababu za kuliweka jembe kando

Tangu zamani mkulima hodari amejulikana kwa jembe lake, na Wakuria wengi hulima kwa plau ikokotwayo na maksai. Basi kumwambia mtu asilime bustani yake ni neno la kushangaza. Hata hivyo sababu zake ni tatu.

Kwanza, udongo una walimaji wake wenyewe. Mwaka 1881 Mwingereza Charles Darwin alitoa kitabu juu ya kazi ya minyoo ya ardhini. Alikuwa ameichunguza kwa miaka mingi, akakadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza minyoo huleta juu udongo zaidi ya tani 10 kwa kila eka moja, kila mwaka. Njia zao ndogo hupitisha maji na hewa mpaka mizizini. Jembe huzivunja njia hizo, na jua huwaua wenye kuzichimba.

Pili, chini ya udongo zimelala mbegu nyingi za magugu, zikingoja mwanga. Kila apinduaye udongo huziamsha.

Tatu, ardhi ya Tarime ina miteremko mingi. Tone la mvua kubwa likiangukia udongo uliolegezwa na usiofunikwa, huurusha, na maji huuchukua. Udongo huo huingia vijitoni, kisha katika mto Mara, upitao kati ya wilaya hizi mbili na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Hivyo rutuba ya bustani huenda ziwani, wala hairudi. Katika Marekani, miaka ya 1930, mashamba makubwa yaliyokuwa yamepinduliwa kwa plau yalipatwa na ukame. Upepo uliuinua udongo ukawa mavumbi yaliyotia giza mchana, na watu wengi wakahama makwao.

Kazi ya kwanza: kufyeka

Mwanzo wa Agosti mwenye bustani hupima matuta. Upana wa tuta ni mita 1 na robo, ili mtu aweze kufika katikati kwa mkono pasipo kulikanyaga. Maana udongo ukanyagwao huwa mgumu kama sakafu. Kisha hufyeka magugu kwa mundu, akiyakata usawa wa ardhi. Mizizi huachwa ioze mahali pake, nayo ikioza huacha vitundu vya kupitisha maji. Magugu yaliyokwisha kuzaa mbegu hayalazwi tutani, bali hupelekwa mbali.

Kazi ya pili: mboji

Mboji huanzwa mapema, mwezi wa Juni. Hupangwa tabaka kwa tabaka: mabua yaliyokatwakatwa, majani mabichi, samadi, udongo kidogo na majivu kidogo, na kila tabaka hunyunyiziwa maji. Katika nchi nyingi za kandokando ya ziwa huota alizeti mwitu yenye maua ya manjano; majani yake hurutubisha sana udongo, nayo hayauzwi wala hayanunuliwi. Fimbo ndefu huchomekwa katikati ya lundo. Ikichomolewa baada ya siku chache na kuonekana ya moto, kazi yaendelea vema. Ikiwa baridi na kavu, lundo lataka maji. Lundo hupinduliwa kila baada ya majuma machache, na baada ya miezi miwili au mitatu mboji huwa nyeusi, yenye harufu ya udongo wa msituni.

Mboji hiyo humwagwa juu ya tuta, unene wa vidole viwili, wala haichanganywi na udongo kwa jembe. Minyoo ndiyo itakayoishusha. Tuta lenye urefu wa mita 5 hutaka madebe yapatayo 9. Lakini eka nzima ingetaka madebe yapatayo 6000! Ndiyo sababu njia hii ya mboji nyingi hufaa bustani ndogo iliyo karibu na nyumba, siyo shamba kubwa la mahindi.

Kazi ya tatu: matandazo

Juu ya mboji hulazwa matandazo: nyasi kavu, mabua, au majani makavu ya migomba. Matandazo huuzuia mwanga usiyafikie magugu, huvunja nguvu ya matone ya mvua, na huushika unyevu, hata mtu mwenye kuchota maji mbali apunguze safari za kisimani.

Hapa ndipo penye shida yenyewe. Mara ni nchi ya wafugaji. Baada ya mavuno ng'ombe huachiwa wale mabua, na mwezi wa Agosti malisho ni haba. Mabua yale yale yatakiwa na ng'ombe, na yatakiwa na udongo. Hakuna ampendaye jirani atakayefurahi kuona ng'ombe wake wakikonda. Wenye busara hugawa: mabua mazuri huliwa na ng'ombe, na samadi hurudi katika mboji, bustani hupewa majani ya migomba na nyasi ngumu ambazo ng'ombe hawazipendi. Kisha bustani huzungushiwa ugo wa minyaa au wa miiba, maana ng'ombe mmoja mwenye njaa aweza kuharibu kwa usiku mmoja kazi ya miezi mitatu. Adui mwingine ni moto. Mabua yachomwayo huacha majivu, lakini chakula cha minyoo chote kimekwenda na moshi.

Mchwa nao huja kula matandazo. Wengi huwachukia, lakini mchwa huvuta kwanza vitu vilivyokufa, na vishimo vyao huingiza maji ardhini. Katika Burkina Faso mkulima Yacouba Sawadogo, aliyekufa mwaka 2023, alitia samadi katika vishimo wakati wa kiangazi ili mchwa waje kuifungua ardhi iliyokuwa ngumu kama jiwe. Ila matandazo yasiguse shina la mche, na yakiisha yaongezwe upesi.

Kazi ya nne: kitalu

Katikati ya Agosti mbegu za sukuma wiki, kabichi na nyanya husiwa kitaluni, chini ya kivuli chepesi. Baada ya majuma manne au matano miche huhamishwa. Matandazo hufunuliwa kidogo, hutobolewa kitundu kwa kijiti, na mche hupandwa. Mgagani, mnavu na mchicha hazihitaji kuhamishwa. Mbegu zake husiwa katika mistari iliyofunuliwa, mvua inapoanza.

Mipaka ya njia hii

Njia hii haiondoi kila jasho. Ardhi iliyokanyagwa na mifugo miaka mingi yataka kulegezwa kwa jembe mara moja, mwanzoni. Ndago na sangari hutoboa matandazo, na hapana budi kuzichimba mpaka mizizini. Tena mwaka wa kwanza mazao huenda yasipite ya jirani alimaye. Faida huja polepole, kadiri udongo unavyozidi kuwa mweusi na laini.

Waswahili husema: Haraka haraka haina baraka. Jembe huonyesha kazi yake siku ile ile. Kazi ya minyoo haionekani, lakini haikomi usiku wala mchana, mradi wapewe chakula na kifuniko.

Maswali

1. Taja sababu tatu za kutopindua udongo wa bustani.
2. Kwa nini upana wa tuta usizidi urefu wa mkono pande zote mbili?
3. Bustani yenye matuta 12 ya mita 5 yataka madebe mangapi ya mboji?
4. Ng'ombe na udongo wote wataka mabua. Eleza jinsi jamaa yenye ng'ombe wanne na bustani moja iwezavyo kugawa.