Wazee Wetu Wasahaulifu na Mkeka wa Alasiri

Mzee anapouliza jambo lile lile mara ya tatu kabla chai haijapoa, kwetu Nansio husemwa kuwa ni uzee tu. Akisahau kama amekwisha kuswali adhuhuri, tunatabasamu na kumkumbusha. Lakini bibi akipotea njia akitoka sokoni, au akimtuhumu mkaza mwanawe kuwa ameiba fedha alizozificha mwenyewe, majirani huanza kunong'ona. Nasi wa Kanda ya Ziwa tunajua minong'ono hiyo imewafikisha wapi baadhi ya vikongwe: kuitwa wachawi, kufukuzwa, hata kukatwa mapanga.

Huo si uchawi, wala si uzee mtupu. Ni maradhi ya ubongo yaitwayo dimensia. Qur'ani Tukufu imeugusa umri huo dhaifu katika Suratun-Nahl, aya ya 70, naye Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mola wake asirudishwe huko. Vipi basi tumcheke au tumwogope aliyefikwa nao?

Hapa hapa Tanzania jambo hili limechunguzwa. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba takriban wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wana dimensia. Watafiti hawakuishia kuhesabu. Walichukua tiba ya kuchangamsha akili iliyobuniwa Uingereza, wakairekebisha ili imfae hata mzee asiyejua kusoma. Wagonjwa hukaa kwa vikundi vidogo mara mbili kwa wiki, kwa wiki saba, vikao 14 kwa jumla. Huzungumza habari za utoto na chakula, hucheza, hutaja vitu, huhesabu fedha. Matokeo ya mwaka 2017 yalionesha kuwa akili zilichangamka na wasiwasi ukapungua, ijapokuwa washiriki walikuwa wachache.

Hao walikuwa wameshaugua. Kwa walio wazima, Marekani iliwafuatilia watu 2,832 wa miaka 65 na kuendelea, wengi wao wakifunzwa kwa vikundi vipindi 10 hivi. Baada ya miaka kumi, waliofunzwa kufikiri kwa mantiki na kutambua vitu upesi walikuwa bado na nafuu katika mambo hayo. Waliofunzwa kukumbuka tu, faida yao ilikuwa imefifia. Tusidanganyane, basi: hakuna zoezi linalomhakikishia mtu kinga, na anayeiacha presha au kisukari bila tiba anauhatarisha ubongo wake hata acheze bao kila siku.

Hata hivyo, mkeka haugharimu kitu. Baada ya swala ya alasiri, wanaume barazani pa msikiti na akina mama kwenye ua wao, kijana mmoja anaweza kuongoza. Wazee wa Ukerewe wanayo mada ambayo vijana hawana: samaki wa ziwa hili kabla sangara hajatawala, aina za furu ambazo wajukuu hawajapata kuziona, walivuliwa vipi, waliuzwaje. Lichezwe bao. Zipigwe hesabu za mafungu ya machungwa. Na ifundishwe aya mpya moja au mbili kwa wiki. Kurudia Yasini aliyoihifadhi tangu utoto kuna thawabu yake, lakini kwa maoni yetu ubongo huhitaji pia kazi isiyozoeleka.

Kanuni moja ya vikao vya aina hii tungependa iingie hata majumbani. Mzee haulizwi, "Unakumbuka?" Huulizwa, "Wewe unaonaje?" Swali la kwanza humwaibisha asiyekumbuka, na la pili halina jibu la kukosea. Wengi wetu tunawahoji wazazi kama watoto wa madrasa, tukidhani tunawasaidia.

Mzee akivurugikiwa ghafla, kwa siku moja au mbili, asingoje kikao. Huenda ni homa, sukari, au dawa zilizochanganywa vibaya. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.