門: Lango, Mlango na Umuryango

Mwalimu wa Kiswahili hapa Rusizi hukutana mapema na sentensi kama hii: "Mlango wetu una watu saba." Mwanafunzi amelichukua neno la Kinyarwanda umuryango, lenye maana ya familia na pia ya mlango wa nyumba, akalitafsiri kwa kufuata sauti. Kalamu nyekundu inapita. Kabla haijapita, tunawaalika wasomaji tuitazame herufi moja ya Kijapani.

Herufi hiyo ni 門. Ni mojawapo ya kanji, herufi zilizotoka China, ambazo hubeba maana pamoja na sauti. Watoto wa Japani hujifunza hii darasa la pili. Hata asiyejua Kijapani ataona mbao mbili zikitazamana: ni lango, ndugu mkubwa wa mlango.

Kuisoma ndiko kwenye kazi. Husomwa mon, sauti iliyokuja na herufi yenyewe kutoka China, au kado, neno la Wajapani wenyewe, kama katika kadomatsu, pambo la msonobari liwekwalo langoni mwaka mpya. Katika jina la mlango-bahari wa Naruto (鳴門) husomwa to. Neno zima ndilo linaloamua.

Maana zake ndizo zilizotuvutia zaidi. Ichimon (一門), yaani "lango moja", ni ukoo mmoja. Nyūmon (入門), "kuingia langoni", ni kuwa mwanafunzi wa mwalimu fulani. Ndiyo maana vitabu vya kuanzia somo huitwa hivyo.

Sasa turudi kwa mwanafunzi wetu. Mlango na umuryango ni neno moja kwa asili: milango, imiryango. Kijapani hakina undugu nao, lakini kimepita njia ile ile, kutoka mahali pa kuingilia hadi watu wanaoingia hapo. Na Waswahili wa Lamu na Mombasa nao huita mlango tawi la ukoo, watu wa babu mmoja. Kosa la mwanafunzi ni la ukubwa tu, kwani watu saba wa nyumba moja ni familia.

Tunapendekeza mwalimu aandike "familia" juu ya neno hilo bila kulifuta, kisha aliulize darasa: je, umuryango katika Umuryango wa Afurika y'Iburasirazuba, ambao Rwanda ilijiunga nao mwaka 2007, tuutafsiri familia, ukoo, au jumuiya?