Je, Wajua? Robo, Nusu na Heri Zilizomo Ndani ya Barua Pepe kwa Rafiki

Je, wajua kwamba alama ya @ iliyomo katika anwani ya rafiki yako ina undugu na neno letu "robo"? Wahispania na Wareno huiita arroba, jina la kipimo cha kale cha uzito, ambacho kule Hispania kilikuwa kilo 11 na ushee. Jina hilo walilichukua kwa Waarabu: ar-rub', yaani sehemu moja ya nne. Ni Kiarabu hichohicho kilichotupa sisi robo ya sukari dukani na saa kumi na robo ukutani. Mfanyabiashara wa Florence, Francesco Lapi, aliichora alama hiyo mwaka 1536 katika barua aliyoiandika Sevilla kwenda Roma, akieleza bei ya mtungi wa divai. Kwa hiyo @ ilikuwa imeshasafiri ndani ya barua karne nne na zaidi kabla kompyuta hazijazaliwa.

Wajua aliyeiingiza kwenye kompyuta ni nani? Ni Ray Tomlinson, mhandisi wa Cambridge, Massachusetts, mwaka 1971. Mashine zake mbili zilikuwa chumba kimoja, bega kwa bega, ila ujumbe uliotoka katika ya kwanza ulipita kwenye mtandao wa ARPANET ndipo ukaifikia ya pili. Alihitaji alama ya kutenganisha jina la mtu na jina la mashine yake, alama isiyopatikana katika jina la binadamu yeyote. Macho yakatua kwenye @. Hakuna bosi aliyemwagiza kazi ile. Na maneno ya ujumbe wa kwanza hakuyakumbuka. Alisema huenda zilikuwa herufi za safu moja ya kibodi tu.

Waitaliano huiita konokono. Waholanzi, mkia wa nyani. Warusi, mbwa. Wadenmark huona herufi a yenye mkonga. Sisi wengi wetu twasema "at" tu, nami naona tungeiita robo bila kumwibia mtu, maana neno ni letu tangu zamani.

Kutoka robo twende nusu. Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Je, wajua "waraka" wenyewe ni nini? Kwa Kiarabu waraqa ni jani, kisha likawa karatasi. Kalamu nayo ni tete; neno hilo Waarabu walilipokea kutoka kwa Wagiriki, walioita tete kalamos. Ukimwandikia mwenzio leo kwa kidole juu ya kioo cha simu, lugha yako bado imeshika tete na jani.

Sasa nisimame kidogo kwenye salamu, maana hapa ndipo penye utamu.

Waliojifunza kuandika barua zamani wanaikumbuka njia yake: salamu kwanza, kisha hali ya mwandishi, kisha hali ya mwandikiwa, ndipo madhumuni. "Mimi huku nilipo ni buheri wa afya." Wajua "buheri" imetoka wapi? Ni Kiarabu, bi khayr, kwa heri njema. Basi tazama: "kwaheri" unayofungia barua imebeba heri ileile. Mwandishi wa Kiswahili hufungua mlango kwa heri, akaufunga kwa heri, na habari zote zikakaa katikati kama wageni barazani. Na "salamu" ni ndugu wa tumbo moja na "salama". Kumpa mtu salamu ni kumtakia usalama.

Nililielewa hilo mwaka 2004, katika kafe ya intaneti jirani na stendi ya mabasi, ambako tulikuwa tukilipia kwa nusu saa. Rafiki yangu niliyesoma naye alikuwa amehamia Muscat. Nikamwandikia barua ndefu: mama hajambo, mdogo wangu amefaulu, mwembe wa nyuma ya bweni letu umekatwa. Nikiwa sijabonyeza kutuma, umeme ukakatika. Uliporudi nilikuwa nimebakiwa na dakika sita. Salamu nikaziacha, nikaingia moja kwa moja: "Naomba unitafutie cheti changu, nadhani kimo kwenye begi lako." Jibu lilikuja siku ileile, mstari mmoja: "Niambie ukweli, nani amefariki?" Kwake barua isiyo na salamu ilikuwa barua ya msiba. Mtu hana nafasi ya kukuuliza hali, basi kuna jambo. Tangu siku hiyo sijawahi kuruka salamu, hata dakika zikiwa tatu.

Wala si sisi peke yetu. Wajua barua pepe ya kwanza kutoka angani ilianzaje? Agosti 1991 wanaanga Shannon Lucid na James Adamson, wakiwa ndani ya chombo Atlantis, waliwaandikia walioko duniani kwa kompyuta ndogo ya Macintosh. Wakaanza kwa kuiamkia Dunia na kuisalimu. Kisha wakasema wanafurahia na wangependa wenzao wawepo pale, kama mtu anayeandika postikadi kutoka ufukweni.

Wajua Malkia Elizabeth II alituma barua pepe tarehe 26 Machi 1976, katika kituo cha utafiti cha jeshi huko Malvern? Wakati huo wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa, na mashine ya kuchapa ndiyo iliyokuwa fahari ya ofisi.

Wajua barua za Kiswahili za kale kabisa zinazojulikana ziko wapi? Goa, India, katika hifadhi ya nyaraka. Ziliandikwa Kilwa kwa hati za Kiarabu kuanzia mwaka 1711, zikapelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Walioziandika hatunao tena, karatasi zao tunazo.

Wajua Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alijifundisha kuandika kwa siri? Wasichana hawakuruhusiwa kalamu. Alinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Baadaye alihamia Ujerumani, akaitwa Emily Ruete, na ugeni ulipombana aliandika maisha yake ya huko kwa mtindo wa barua kwa rafiki wa Zanzibar asiyetajwa jina. Alikuwa na ujuzi wa kuandika kitabu kwa namna yoyote aliyotaka. Akachagua kumwandikia rafiki. Mimi naamini alijua kwamba upweke huongea vizuri zaidi ukiwa na mtu mmoja mbele yake.

Na Shaaban Robert? Huyo twamjua kwa mashairi na riwaya, lakini barua zake kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, za kuanzia 1931 hadi 1958, nazo zilitunzwa, zikahaririwa na Mugyabuso Mulokozi na kutolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 2002. Zimetufikia kwa sababu aliyezipokea alizihifadhi. Barua zako pepe za miaka kumi iliyopita, je, ungezipata leo? Nenosiri la sanduku lile la zamani unalikumbuka? Zile unazozipenda zichape, uzitie kwenye bahasha. Karatasi haiulizi nenosiri.

Wajua "Cc" ni mabaki ya karatasi ya kaboni? Makarani walipachika kaboni kati ya karatasi mbili, wakagonga mashine mara moja, nakala zikatoka mbili. Kwa rafiki, sehemu hiyo iache wazi. Barua yenye watu wanane pembeni imeshakuwa tangazo.

Wajua ukiandika yote kwa HERUFI KUBWA msomaji husikia unapiga kelele? Na wajua kwamba Gmail haijali nukta katika jina? Ukiweka nukta baada ya jina la kwanza au ukiisahau, barua inafika kwa mtu yuleyule. Huduma hiyo ilitangazwa tarehe 1 Aprili 2004, na wengi wakadhani ni mzaha wa siku ya wajinga. Mwanzoni hukuweza kuingia mpaka aliyemo akualike, kwa hiyo wengi waliupata mlango kupitia kwa rafiki. Leo inakuruhusu kuirudisha barua uliyoituma kwa hasira, mradi uwahi: kuanzia sekunde 5 hadi 30, kwa kadiri ulivyopanga. Panga 30.

Turudi kwenye ile nusu ya wahenga. Kinachokosekana katika waraka ni uso na sauti, na watu wa kompyuta wamehangaika navyo kwelikweli. Tarehe 19 Septemba 1982 Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipendekeza :-) iwe alama ya utani, kwa kuwa wenzake walikuwa wakichukulia mizaha kama maneno mazito. Nukta mbili, kistari na mabano: tabasamu limelala ubavu. Kisha Machi 1992 Nathaniel Borenstein akatuma barua pepe iliyobeba kiambatisho kwa utaratibu tunaoutumia hadi leo. Ndani yake aliweka picha na sauti ya waimbaji wanne, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Ukimtumia rafiki yako sauti ya mvua juu ya bati la nyumbani kwenu, unatembea katika njia aliyoifungua yeye.

Wajua kabla ya mwaka 2009 barua pepe nyingi zilizotoka Afrika Mashariki kwenda ng'ambo zilipanda kwanza hadi kwenye satelaiti, kilomita 36,000 hivi juu yetu, ndipo zikashuka? Julai 2009 waya wa SEACOM ukaanza kazi chini ya Bahari ya Hindi, ukitua Mombasa na Dar es Salaam. Leo salamu zako hupita sakafuni mwa bahari ileile ambayo mababu waliivuka kwa jahazi, wakingoja pepo za kusi na kaskazi. Tena hazipiti nzima. Barua hukatwa vipande vidogo, kila kimoja na anwani yake, na vyaweza kushika njia tofauti. Huko mwisho mashine huviunganisha tena kwa mpangilio wake.

Na la mwisho nililolijua juzi tu. Kanuni za kimataifa za muundo wa barua pepe hulazimisha vichwa viwili pekee: barua imetoka kwa nani, na imeandikwa lini. Mada si lazima. Hata maneno si lazima. Barua tupu ni barua kamili.

Nikafungua sanduku langu la zamani, nikashuka hadi mwanzo kabisa, kabla ya kisa cha kafe na umeme. Ipo pale, ya usiku ule rafiki yangu aliposhuka kwenye ndege Muscat. Ukiifungua ndani ni nyeupe. Kwenye mada ameandika maneno mawili: "Nimefika salama."