Manda, kisiwa kilichotoa mawe: safari ya mashua kutoka Maweni hadi Takwa

Kuna watu Marekani ambao wakipata likizo hukodi gari lisilo na paa, wakapanda milima ya Colorado kwa ile barabara inayounganisha Silverton na Ouray. Hiyo ni miji iliyozaliwa na migodi ya fedha na dhahabu. Migodi mingi imefungwa, lakini miji inaishi kwa wageni wanaokuja kuona mahali ambapo wachimbaji walifanya kazi. Mgeni anapigwa na upepo, anatazama milima, anasimuliwa habari za waliochimba, na jioni anaacha pesa zake pale.

Sisi wa Lamu tuna safari ya namna hiyo, na chombo chetu nacho hakina paa. Ni mashua, na barabara yetu ni maji yanayozunguka kisiwa cha Manda. Tofauti ni kwamba machimbo yetu hayajafungwa. Leo asubuhi kuna mtu yuko Maweni ameshika mtaimbo. Ajabu ni kwamba wageni wengi huzungushwa Manda siku nzima, wakaonyeshwa magofu na mikoko, wakachomewa samaki ufukweni, na wakarudi bila kuambiwa kwamba nyumba wanayolala Shela imetokana na mawe ya kisiwa kile.

Niliwahi kupanda mashua pamoja na wageni watatu. Tulipopita mbele ya Maweni, mmoja akauliza ule mlundo mweupe ufukweni ni nini. Kijana aliyekuwa akituongoza akajibu, "Hapo ni machimbo tu, hakuna kitu cha kuona." Neno hilo "tu" ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Jiwe lenyewe ni nini

Manda kwa sehemu kubwa ni mwamba wa matumbawe ya kale. Miaka 125,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo sasa, na matumbawe yakakua pale ambapo leo tunatembea kwa miguu. Maji yaliposhuka, mwamba ukabaki nchi kavu, ukapigwa na jua na mvua hadi ukawa mgumu. Hilo ndilo jiwe linalochimbwa Maweni.

Mafundi wetu wa zamani walitumia mawe ya aina mbili, na vyema tuyatofautishe. La kwanza ni hili la nchi kavu, gumu na lenye matundu, ambalo ni la kujengea kuta. La pili ni tumbawe lililotolewa baharini likiwa bichi. Likiwa na maji bado ni laini, hukatwa na kuchongwa kwa urahisi, kisha likikauka huwa gumu. Hilo ndilo walilochongea mihirabu na mapambo ya milango.

Jiwe peke yake halisimamishi nyumba. Panahitajika chokaa, nayo pia hutokana na matumbawe. Vipande hupangwa juu ya lundo la magogo, tanuu ikawashwa, na mawe yakishaungua huzimwa kwa maji hadi yakawa unga. Juu ya kuta huja boriti za mikoko za kubeba dari. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa kama mita tatu hivi. Aliyeamua upana wa chumba si fundi, ni urefu wa boriti.

Kituo cha kwanza: Maweni

Kutoka gati la Lamu ni mwendo mfupi kuvuka mlango wa bahari. Maweni ni kijiji cha wachimbaji, na wengi wao asili yao ni bara. Walifuata kazi wakaoa, wakazaa, na watoto wao leo wanazungumza kama watoto wa hapa.

Kazi ni ya mikono. Udongo wa juu huondolewa, mwamba ukaonekana, kisha mtu huupasua kwa sururu na mtaimbo hadi vitoke vipande. Vipande vikubwa huchongwa kwa shoka vikawa matofali ya mawe. Mabaki hayatupwi: kina mama hukaa kivulini wakayaponda kwa nyundo yakawa kokoto za kumwagia zege. Kisha kila kitu hushuka ufukweni, kikapakiwa chomboni, kikavushwa Lamu na Shela, na huko punda hubeba hadi mlangoni mwa anayejenga.

Nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwa amekaa juu ya mlundo wake, "Shikamoo baba. Jiwe moja mtu hulichonga kwa muda gani?" Akaitikia marahaba, akacheka, akaniambia, "Mwanangu, usiniulize muda. Niulize maji." Na kweli. Manda haina maji matamu ya kutegemewa. Watu wa Maweni hukinga mvua, na mvua ikikata hununua maji ya madumu yanayovushwa kutoka ng'ambo. Chombo kinakwenda na mawe, kinarudi na maji.

Kituo cha pili: Takwa

Kutoka hapo nahodha hupita upande wa Ras Kitau, akaingia kwenye hori inayokata katikati ya mikoko. Hapa ndipo hesabu ya maji inapohitajika. Maji yakijaa, mashua hufika karibu kabisa na Takwa. Yakipwa, mtashuka mtembee kwenye tope. Maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika hamsini, kwa hiyo saa iliyomfaa jirani yako wiki iliyopita haitakufaa wewe. Muulize nahodha siku moja kabla.

Takwa ulikuwa mji uliokaliwa kati ya karne ya 15 na ya 17. Pana ukuta wa mji, nyumba, visima, na msikiti wa Ijumaa ambao una nguzo juu ya ukuta wake wa kibla. Nje ya ukuta wa mji pana kaburi la nguzo lenye maandishi ya mwaka 1094 Hijria, yaani 1682 au 1683 Miladia. James Kirkman alisafisha magofu haya mwaka 1951, na leo yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo hutoza kiingilio.

Wazee husimulia kwamba visima viliingia chumvi, na kwamba palikuwa na uhasama na Pate. Watu wakavuka maji wakahamia Shela. Hawakupasahau: watu wa Shela wamekuwa wakirudi kwenye kaburi lile kuomba mvua. Ukiwa umetoka Maweni asubuhi na kuona yale madumu, utaelewa dua ile kwa undani zaidi. Shida ya maji iliyosimuliwa Takwa bado ipo kisiwani.

Sasa tazama kuta. Jiwe ni lile lile uliloliona asubuhi likichongwa, na alama ya chombo cha fundi ni ile ile.

Kituo cha tatu: mji wa Manda

Anayetaka kufika mwisho wa habari aende kaskazini mwa kisiwa, kwenye magofu ya mji wa Manda. Njia ya kawaida ni kupitia Mkanda, mlango mwembamba kati ya kisiwa na bara, na hapo pia ni mpaka maji yajae.

Neville Chittick alianza kuchimba hapa mwaka 1966 na kitabu chake kikatoka mwaka 1984. Alikuta mji ulioanza karne ya 9, wenye vyombo vya udongo vilivyotoka Uajemi na China. Alikuta pia kuta za kuzuia bahari, zilizojengwa kwa mapande makubwa mno ya matumbawe. Yalikuwako hata matofali ya kuchoma ambayo hayakutengenezwa hapa. Inaaminika yaliletwa na vyombo kutoka Oman yakiwa farumi, yaani uzito wa kukituliza chombo kisicho na shehena. Kwa maneno mengine, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita watu wa kisiwa hiki walikuwa tayari wanajua kukata jiwe, kulibeba na kulipanga likashindana na mawimbi.

Kwa nini Maweni isirukwe

Mji wa kale wa Lamu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Tangu hapo tumekuwa tukisema, na ni kweli, kwamba nyumba zetu zitunzwe kwa jiwe, chokaa na boriti. Lakini ukisema jiwe umeshamtaja mchimbaji. Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti, wakataji mikoko wa Lamu walipaza sauti na watu wakajua boriti inatoka wapi. Jiwe halijapata siku yake.

Na mambo ya kusemwa yapo. Mashimo yaliyokwisha mawe hubaki wazi, hatari kwa mtoto na kwa mnyama. Mwamba nao haukui tena. Mwenye kununua jiwe hajui bei aliyolipwa aliyelichonga. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inawatambua wachimbaji wadogo, na inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, na 10 kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Ni haki ya watu wa Maweni kuuliza fungu la jamii kwao ni nini, na ni wajibu wetu tunaoishi ndani ya mawe yao kuwasaidia kuuliza.

Wanaoongoza wageni wanaweza kuanza kesho bila kungoja mtu. Kabla ya Takwa, simameni Maweni nusu saa. Ombeni ruhusa kwa wenye kijiji kabla ya kupiga picha, kwa sababu yule ni mtu kazini, si maonyesho. Mlipeni mchimbaji mmoja aonyeshe jiwe linavyopasuliwa, na chakula cha mchana mkinunue kwa mama wa pale. Nanyi wenyeji mnaowapeleka watoto Takwa siku za sikukuu, fanyeni hivyo hivyo.

Silverton leo wanasimulia habari za migodi iliyokwisha kufungwa. Sisi bado tunaye wa kutusimulia mwenyewe, ameketi juu ya mlundo wake ng'ambo ya maji, na mashua hupita mbele yake kila siku.