Meza ya Usingizi Iwe Tayari Kabla Majeruhi Hajafika

Mgonjwa wa upasuaji wa kupangwa huambiwa asile kitu tangu usiku. Kijana aliyeanguka na bodaboda Mwanga, kwenye barabara ya Kigoma kwenda Ujiji, hakuambiwa hivyo na mtu. Huenda ametoka kula ugali na migebuka. Akipewa dawa ya usingizi koo hulegea, na chakula kikipanda kutoka tumboni kinaweza kuingia mapafuni. Tena amepoteza damu, na dawa nyingi za usingizi hushusha presha. Hatari hizi mbili zinajulikana mapema, kwa hiyo kinga yake nayo ipangwe mapema, kwa utaratibu uleule kila siku.

Kwanza ni mashine ya kunyonya matapishi: iwashwe na kujaribiwa. Laringoskopu iwake taa, na mipira ya kupumulia ya saizi mbalimbali iwe karibu. Majeruhi avutishwe oksijeni kama dakika 3 kabla ya kulazwa usingizi, ili oksijeni ichukue nafasi ya naitrojeni mapafuni. Akiba hiyo humpa mtaalamu muda wa kuingiza mpira wakati mgonjwa hapumui. Mishipani ziwekwe kanula mbili nene, kwani maji na damu hupita haraka zaidi kwenye kanula nene na fupi. Kila bomba la sindano libandikwe jina la dawa. Kwa viwango vya kimataifa, rangi ya njano ni ya dawa za kulaza, nyekundu ni ya dawa za kulegeza misuli, na bluu ni ya dawa kali za maumivu.

Ketamini, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1962, inawafaa majeruhi wengi kwa sababu kwa kawaida huinua presha na humwacha mgonjwa akipumua. Hata hivyo, aliyevuja damu nyingi hupunguziwa dozi. Kuna pia asidi ya traneksamiki, inayosaidia damu kuganda. Utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000, ulionyesha kuwa inaokoa maisha ikitolewa ndani ya saa 3. Baada ya hapo inaweza kudhuru. Kwa majeruhi anayeletwa kwa boti kutoka vijiji vya mwambao wa Tanganyika, sehemu kubwa ya saa hizo huishia ziwani.

Nguvu ya utaratibu imepimwa hapahapa Tanzania. Kati ya 2007 na 2008, hospitali nane duniani, ikiwemo ya Ifakara, zilijaribu orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, inayosomwa kwa sauti na timu nzima. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka 11 hadi 7.

Kigoma nayo ina msingi wa kujengea. Mradi wa afya ya mama ulioanza mwaka 2006 kwa ufadhili wa Bloomberg Philanthropies uliwafunza watumishi wasio madaktari bingwa upasuaji wa uzazi na utoaji wa usingizi, hata kwenye vituo vya afya. Pale wataalamu walipo wachache na zamu hubadilika, meza iliyopangwa namna moja humwezesha yeyote aliyefunzwa kuanza kazi mara moja. Kila zamu ianze kwa kuikagua na kutia saini. Anayeondoka ajaze kilichotumika, kwa sababu majeruhi anayefuata hatampa anayeingia nafasi ya kutafuta.