Mfupa wa Ishango na Hatua za Mwanzo za Utungaji wa Programu

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi atokaye Mbau, kaskazini ya Beni kwenye barabara iendayo Oicha, huingia chuo kikuu akiwa na lugha zaidi ya moja. Huenda nyumbani alizungumza Kinande. Sokoni alitumia Kiswahili, ambacho Katiba ya 2006 inakitaja kuwa mojawapo ya lugha nne za kitaifa za Kongo. Na katika shule ya sekondari alifundishwa kwa Kifaransa. Eneo hilo lina vyuo vikuu vyake. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa Butembo mwaka 1989, na Chuo Kikuu cha Kikristo cha Lugha Mbili, kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza, kilianzishwa Beni mwaka 2007. Mwanafunzi huyo akichagua somo la kompyuta hukutana na lugha nyingine tena, yaani lugha ya programu, ambayo maneno yake mengi yametokana na Kiingereza. Hatari iliyopo ni kwamba ataweza kukariri maagizo na kufaulu mtihani bila kujua maagizo hayo yanafanya nini.

Makala haya yanaeleza hatua za mwanzo za kutunga programu ya uchanganuzi kwa kutumia mfano uliopatikana katika eneo hilo hilo. Aidha, yanaonyesha namna Kiswahili kinavyoweza kumsaidia mwanafunzi kufikiri kabla hajaigusa mashine.

2.0 Data

Mwaka 1950, mtaalamu wa jiolojia kutoka Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimbua mfupa mdogo huko Ishango, mahali Mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, ndani ya teritwari ya Beni. Mfupa huo, ambao leo umehifadhiwa Brussels, unakadiriwa kuwa na umri wa miaka 20,000 hivi. Juu yake imechongwa mikato iliyopangwa katika makundi, na makundi hayo yamo katika safu tatu. Hesabu inayonukuliwa mara nyingi ni hii:

Safu A: 11, 13, 17, 19
Safu B: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7
Safu C: 11, 21, 19, 9

Kwa mtungaji wa programu, safu hizi ni data. Kazi yake ya kwanza ni kuuliza swali lililo wazi. "Mfupa huu una maana gani?" si swali ambalo mashine inaweza kulijibu. "Jumla ya Safu A ni ngapi?" ni swali ambalo inaweza kulijibu.

3.0 Utaratibu wa hatua

Njia ya kulijibu swali la namna hiyo kwa hatua zenye mpangilio na zenye mwisho huitwa algorithimu. Neno hilo limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanahisabati aliyeishi Baghdad katika karne ya 9. Yaani lilikuwapo karne nyingi kabla ya kompyuta. Algorithimu ya kutafuta jumla yaweza kuandikwa hivi:

Hatua ya 1: JUMLA iwe 0.
Hatua ya 2: Soma namba inayofuata katika orodha.
Hatua ya 3: JUMLA iwe JUMLA ya awali kuongeza namba hiyo.
Hatua ya 4: Ikiwa bado kuna namba, rudi Hatua ya 2, la sivyo, andika JUMLA.

Mwanafunzi hana haja ya umeme ili kuijaribu. Akichukua karatasi na kuandika thamani ya JUMLA kila inapobadilika, atapata 0, 11, 24, 41, na mwisho 60. Zoezi hili la kuifuatilia programu kwa mkono ndilo linalomtofautisha anayeelewa na anayekariri. Kwa njia hiyo hiyo atapata 48 kwa Safu B na 60 kwa Safu C.

4.0 "Ni" na "iwe"

Yafaa kuitazama Hatua ya 3 kwa makini. Katika lugha nyingi za programu hatua hiyo huandikwa kwa alama ya usawa, kana kwamba JUMLA ni sawa na JUMLA kuongeza 11. Mwanafunzi aliyezoea hisabati hushtuka, kwa kuwa hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ikiongezwa 11. Tatizo hilo linajulikana. Niklaus Wirth, aliyeitoa lugha ya Pascal mwaka 1970 kwa ajili ya kufundishia, aliweka alama mbili tofauti: moja ya kuagiza na nyingine ya kulinganisha. Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum, nayo hutumia alama moja ya usawa kuagiza na alama mbili kulinganisha.

Sarufi ya Kiswahili inaibeba tofauti hiyo tayari. "JUMLA ni 11" ni taarifa, ambayo yaweza kuwa kweli au uongo. "JUMLA iwe 11" ni agizo, ambalo haliwi kweli wala uongo, bali hutekelezwa. Mwalimu anayewataka wanafunzi wasome kila mstari wa programu kwa sauti, wakichagua kati ya "ni" na "iwe", atagundua mapema nani hajaelewa. Vivyo hivyo, "ikiwa" na "la sivyo" zinaeleza sharti, na "rudi" inaeleza mzunguko, bila ya kuhitaji istilahi mpya.

5.0 Kosa lisilolalamikiwa

Makosa ya mwanafunzi ni ya aina mbili. La kwanza ni kosa la maandishi: ameandika neno ambalo lugha ya programu hailijui, na mashine inakataa kuendelea. La pili ni kosa la mantiki. Tuseme katika Hatua ya 4 ameandika "rudi Hatua ya 1" badala ya Hatua ya 2. Kila mara JUMLA itarudishwa kuwa 0, na mwisho wa Safu A programu itaandika 19. Mashine haitalalamika, na 19 si namba ya kushangaza. Ni yule tu aliyefanya hesabu kwa mkono na kupata 60 atakayejua kwamba jibu ni baya.

6.0 Kipimo na maana

Somo kubwa zaidi limo katika namba zenyewe. Namba zote za Safu A ni namba tasa. Ili kuipima 19, inatosha kuigawanya kwa 2, 3 na 4 na kuona kwamba kila mara kuna baki; hakuna haja ya kufika 5, kwa kuwa 5 mara 5 ni 25, ambayo imeipita 19. Programu ya mistari michache itathibitisha hayo, na itaonyesha pia kwamba 11, 13, 17 na 19 ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20. Je, wachongaji wa Ishango walizijua namba tasa? Programu haijasema hivyo.

Safu B inaonya zaidi. Husemwa kwamba inaonyesha kuzidisha na kugawanya kwa 2. Programu ikipima jozi moja moja, itakubali 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5. Itazikataa 5 na 7. Mtu asiyepima huziacha jozi tatu zimshawishi na kuisahau ya nne. De Heinzelin aliona humo mchezo wa hesabu, ilhali Alexander Marshack aliona kalenda ya mwezi. Namba ni zile zile, na fasiri ni mbili.

7.0 Hitimisho

Utungaji wa programu ya uchanganuzi huanza na swali lililo wazi, hufuata hatua zinazoweza kufuatiliwa kwa mkono, na huishia kwa jibu ambalo mtu lazima alipime. Lugha za programu hubadilika kila baada ya miaka michache. Kazi hizo tatu hazibadiliki, na zote hufanywa kwa lugha ambayo mtu anafikiria kwayo. Chuo kinachomruhusu mwanafunzi kuandika hatua zake kwanza kwa Kiswahili hakimpunguzii Kifaransa wala Kiingereza. Kinampa nafasi ya kujua anachokiagiza kabla hajakiagiza.