Sanaa na Ngoma Zinavyoweza Kuinua Mji

Ndugu wanafunzi wa kisomo wa Mbulu na Hanang! Sogeeni karibu na redio. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: KIWANDA, SANAA, TAMASHA. Darasa lisome pamoja, kwa sauti.

Swali letu la leo ni hili: viwanda vya mji vikifungwa, watu wataishi kwa nini?

Twende Jinja, nchini Uganda, mahali mto Nile unapotoka katika Ziwa Viktoria. Mwaka 1954 lilifunguliwa huko bwawa la umeme la Owen Falls. Umeme ukaleta viwanda: cha nguo, cha kuyeyushia shaba, na vingine vingi. Watu walitoka mbali kutafuta kazi. Lakini mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, ambao wengi wao walikuwa na viwanda na maduka. Katika miaka iliyofuata mashine nyingi zilisimama, na vijana wakakosa kazi.

Mwaka 2015 likaanzishwa Jinja tamasha la muziki, ukingoni mwa Nile. Linaitwa Nyege Nyege. Msicheke! Kwa Kiganda maana yake ni hamu ya ghafla ya kucheza ngoma. Watu hufika kwa maelfu.

Sasa tazameni jinsi fedha inavyotembea. Mgeni hulala nyumba ya wageni. Mwenye nyumba hununua ndizi sokoni. Muuza ndizi humlipa dereva wa bodaboda. Dereva humnunulia mtoto wake daftari. Basi mpiga ngoma mmoja amewafaa watu ambao hata hawakuisikia ngoma yake.

Je, ngoma zimevirudisha viwanda? Hapana. Kiwanda hulipa kila mwezi. Tamasha ni la siku chache kwa mwaka. Tena mwaka 2022 Spika wa Bunge la Uganda alitaka tamasha lizuiwe kwa ajili ya maadili, na serikali ikaliruhusu kwa masharti. Ndiyo kusema, wenyeji wapatane kwanza ni mambo gani wanayataka na yapi hawayataki.

Turudi nyumbani. Katesh na Mbulu si miji ya viwanda. Lakini Hanang twayakumbuka mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, ya miaka ya 1970. Matrekta yalikuwa mengi, kazi chache, na wafugaji wa Kibarabaig walipoteza malisho yao.

Mali iliyo mikononi mwetu hatujaihesabu. Mhunzi wa Kidatoga huvukuta moto kwa mivukuto ya ngozi, huyeyusha kufuli kuukuu na bomba bovu, na hutoa bangili inayong'aa. Wasichana wa Kiiraqw zamani walivaa sketi za ngozi zilizotariziwa shanga; leo sketi kama hizo zimetunzwa katika majumba ya makumbusho ya ng'ambo.

Lakini jihadharini. Tufanye hesabu ya mfano. Mchuuzi ananunua bangili kwa mhunzi kwa shilingi 2,000. Anaiuza kwa mgeni kwa shilingi 10,000. Mhunzi amepata sehemu moja tu katika tano, na makaa na jasho ni vyake. Mwanawe akiona hivyo ataiacha mivukuto na kwenda mjini. Mzee akifa, ufundi utazikwa pamoja naye.

Hapo ndipo kisomo kinapofaa. Anayejua kuandika ataandika gharama ya makaa na siku alizofanya kazi, kisha atajua bei ya haki. Wahunzi kumi wakiungana wataweza kuuza wenyewe siku ya mnada. Mgeni akija kutazama ngoma, mapatano yaandikwe kabla ngoma haijapigwa.

Sasa zimeni redio, mjadiliane:

1. Katika kijiji chenu, nani bado anajua ufundi wa zamani? Andikeni majina yao.
2. Nani anajifunza kwao? Kama hakuna, mtafanya nini?
3. Ni ngoma ipi mngependa wageni waione, na ipi ibaki yenu wenyewe?

Mali bila daftari huisha bila habari. Kwaherini, mpaka juma lijalo.